Kazi ya serikali ikishapewa kampuni, mwananchi analalamika kwa nani?

Mwanasoko

Habari zenu wakuu. Naomba kuuliza, na mwenye uelewa anijibu taratibu maana huku tulipo tumeshachoka kuzungushwa.

Mi nauza nyanya na mboga kwenye soko la halmashauri, mkoa sitautaja. Zamani ushuru alikuwa anakusanya mtendaji na vijana wa halmashauri, ukiwa na shida unamfata ofisini kwake, atakusikiliza au atakufokea lakini walau ni mtu unamjua na mwenyekiti wa mtaa anamjua. Sasa hivi kazi wamepewa kampuni, tunaambiwa ni wakala, wanakuja vijana na mashine za POS, wengine hawana hata kitambulisho, ukiwaambia sijauza bado wanabeba mizani. Jirani yangu hapo sokoni walimchukulia mizani na tenga zima la nyanya, nyanya zikaozea kwenye ofisi yao, mama wa watu ana watoto wanamtegemea na mtaji wake ndio ule.

Tukaenda kwa wakala, tukaambiwa sisi kazi tumepewa na halmashauri nendeni huko. Tukaenda halmashauri, afisa akasema yule ana mkataba, malalamiko ya ushuru mpelekeeni yeye. Tukaomba basi tuuone huo mkataba unasemaje, tukajibiwa hiyo ni siri ya kibiashara.

Sikatai kulipa ushuru, nalipa na nitaendelea kulipa, soko linahitaji choo na taa na mtu wa kuzoa taka. Ninachouliza ni hiki: kazi ambayo ni ya serikali, kutoza watu fedha kwa nguvu ya sheria, ikishawekwa mikononi mwa kampuni binafsi, mimi mwananchi nani ananijibu? Na kuna mahali popote hii kitu imefanyika ikaenda vizuri au ndio sisi tu tumeangukia pabaya?

---

Karani Mstaafu

Pole sana binti yangu, na mfikishie pole huyo mwenzako. Mimi nimefanya kazi idara ya fedha halmashauri miaka mingi mpaka nikastaafu kwahiyo naomba nikueleze inavyokwenda kwa ndani, maana usipojua hela inavyotembea huwezi kuelewa kwanini wale vijana ni wakali vile.

Halmashauri inakaa inafanya makadirio, inasema soko hili au stendi hii kwa mwezi inaweza kuingiza kiasi fulani. Inatangaza tenda. Anayeshinda anasaini kwamba kila mwezi ataleta kiasi kile kilichokubaliwa, na kwenye mikataba mingi niliyoiona mimi kinachozidi hapo ni chake. Hapo ndipo mchezo wote ulipo. Mtumishi wa halmashauri akimsamehe mama ambaye hajauza leo, mshahara wake haupungui hata senti. Wakala akimsamehe, amepunguza faida yake mwenyewe. Si suala la roho mbaya ya kijana mmoja mmoja, mkataba wenyewe umeandikwa hivyo, ukali unalipwa na huruma inakatwa.

Alafu lipo la makadirio. Yakiwekwa chini kuliko uwezo halisi wa soko basi wakala anavuna na halmashauri inabaki na kidogo, na nani anajua soko linaingiza ngapi kweli? Wakala mwenyewe, kwa sababu yeye ndio anakusanya kila siku na takwimu anazo yeye. Mkataba ukiisha halmashauri inarudi kumuuliza yeye. Nimekaa vikao ambavyo sisi wahasibu tulikuwa hatuna namba yoyote ya kubishana nayo, tunamtazama tu. Ripoti za CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu serikali za mitaa mwaka baada ya mwaka zina kipengele cha mawakala ambao hawakuwasilisha fedha walizokusanya, kila toleo, jina la halmashauri linabadilika lakini hoja ni ileile.

Kuhusu swali lako nani anakujibu: kwa sheria ni halmashauri. Mamlaka ya kutoza ushuru imepewa halmashauri chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na kiwango kinawekwa kwenye sheria ndogo, sio kwenye mkataba na sio kinywani mwa wakala. Wakala anaazimwa mkono tu wa kupokea. Huyo afisa aliyewaambia nendeni kwa wakala amewadanganya au yeye mwenyewe hajui kazi yake.

---

Bomba la Ruvu

Mzee hapo umenena. Ila mdau Mwanasoko ameuliza kama imewahi kwenda vizuri, mi nalileta la City Water, kampuni iliyopewa maji ya Dar, maana naona vijana wengi humu hawalijui na lilitokea hapahapa Dar.

Kwa kifupi, miaka ile ya mwisho wa tisini na mwanzo wa elfu mbili nchi ilikuwa na madeni makubwa na tulikuwa tunaomba msamaha kupitia ule mpango wa HIPC wa kusamehe madeni ya nchi maskini, na mojawapo ya masharti ilikuwa maji ya Dar es Salaam yaende kwa mwendeshaji binafsi. Zikapitishwa kampuni tatu za nje kuomba, mbili za Ufaransa zikajitoa, ikabaki Biwater ya Uingereza na wenzake Gauff wa Ujerumani. Yani mnada una mnunuzi mmoja na bado unaitwa ushindani. Wakashirikiana na kampuni ya hapa nyumbani ikazaliwa City Water, mkataba wa miaka 10, wakaanza kazi Agosti 2003. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, ikabaki mmiliki wa mabomba na wa deni, maana mradi ulikuwa na mkopo wa kama dola milioni 140 kutoka Benki ya Dunia na wenzake, na anayelipa mkopo ni serikali.

Nini kikatokea? Makusanyo yakashuka kuliko yale ya DAWASA wenyewe waliokuwa wanalaumiwa kwa uzembe. Fedha za kuwasilisha zikawa haziji. Kampuni ikataka mkataba uangaliwe upya na bei iongezwe, haijamaliza hata miaka miwili. Na msimamizi wa kumlinda mteja alikuwa wapi? Sheria ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za maji na nishati, ilipitishwa 2001 lakini mamlaka yenyewe imekuja kuanza kazi 2006, City Water imeshafukuzwa. Walimleta mchezaji uwanjani refa hajazaliwa.

Mei 2005 Lowassa, ndio alikuwa waziri wa maji, akatangaza mkataba umevunjwa, Juni 1 mameneja watatu wa kizungu wakaondolewa nchini. Watu wengi wanaishia hapo kwa kushangilia ila mi nataka mshike kinachofuata. Kesi mbili zikaenda nje. Moja ya mkataba, DAWASA ikashinda na kampuni ikaamriwa kulipa kama pauni milioni 3. Ya pili ikaenda ICSID, ile baraza ya usuluhishi iliyo chini ya Benki ya Dunia, benki ileile iliyokopesha mradi. Hukumu ikatoka Julai 2008: serikali ilikosea namna ilivyowatoa, kutangaza hadharani na kuchukua ofisi na kuwasafirisha wale mameneja, lakini haidaiwi hata senti moja ya fidia kwa sababu kampuni ilikuwa imeshajiangusha yenyewe na zabuni yake tangu mwanzo ilikuwa imepigwa hesabu mbovu. Kwahiyo tulitoka salama, lakini angalia tulipofika: miaka mitatu ya mawakili na suluhu ya maji ya Temeke na Kinondoni inaamuliwa na watu watatu ambao hawajawahi kubeba ndoo Dar.

Na kitu kimoja mi huwa nakitaja kila mara, mashirika yetu ya kutetea haki, mazingira na wanawake kama LHRC, LEAT na TGNP waliomba kwenye ile kesi wasikilizwe kama marafiki wa mahakama kwa sababu maji ni ya watu. Waliruhusiwa kuleta maandishi tu, vikao vyenyewe hawakuingia na nyaraka za pande mbili hawakuziona. Kwahiyo Mwanasoko ulivyoambiwa siri ya kibiashara sio wewe wa kwanza, watu wenye mawakili nao waligongewa mlango usoni.

---

Fundi Chapa Kazi

Naona wote mnaenda upande mmoja, mi naomba nipinge kidogo kwa heshima.

Mnasahau serikali ilivyokuwa inaendesha yenyewe. TANESCO mwanzoni mwa elfu mbili wakubwa walikuwa hawalipi bili, wizara, vikosi, mashirika ya umma, na hakuna meneja Mtanzania angethubutu kumkatia mkubwa wake. Mwaka 2002 wakaletwa NetGroup Solutions wa Afrika Kusini kuendesha menejimenti, wafanyakazi wakagoma, wakaingizwa ofisini kwa ulinzi wa polisi, sawa, lilikuwa jambo baya kuona. Lakini walikata umeme hadi taasisi za serikali na makusanyo yakapanda kweli. Mtu wa nje hana shemeji wizarani. Hiyo ndio faida yake na mimi siwezi kuikataa kwa sababu tu ni mgeni.

Na mfano mwingine TBL, kampuni ya bia, ilikuwa inakufa, ikabinafsishwa 1993, leo ni kati ya walipa kodi wakubwa wa nchi. Kwahiyo tusiseme binafsi ni mbaya. Mtendaji wa zamani ambaye Mwanasoko anamkumbuka, ni wangapi walikuwa wanachana risiti nusu wanatia mfukoni? Tuseme ukweli.

---

Bomba la Ruvu

Fundi nakuheshimu ila umechanganya vitu viwili. TBL inauza bia. Bia usipoipenda unakunywa nyingine au unaacha kabisa, hakuna atakayekukamata. Maji ya bomba, ushuru, kitambulisho, leseni, bandari, hivyo huna pa kuhamia. Kampuni ya bia inakuhitaji wewe, kampuni iliyopewa kazi ya serikali haikuhitaji, inamhitaji aliyesaini mkataba. Ukishaona mteja hawezi kuondoka basi ujue hiyo sio biashara tena, ni utawala, na utawala unatakiwa uwe na mtu unaweza kumpigia kura ya kumtoa.

Kuhusu NetGroup nakubali makusanyo yalipanda, sibishi. Ila mkataba wao uliwalipa kwa makusanyo na hesabu za fedha, ndio wakafanya hayo, na mkataba wao uliisha 2006 nchi ikiwa gizani kwa mgao wa ukame. Kupeleka umeme vijijini haikuwa kazi yao kabisa, ikabidi itungwe sheria ianzishwe REA, wakala wa nishati vijijini. Kampuni inafanya kile unacholipia, neno kwa neno, na usichokiandika haikioni. Serikali walau kuna mbunge atapiga kelele kijiji chake hakina umeme.

---

Fundi Chapa Kazi

Hapo kwenye "inafanya unacholipia" tuko pamoja. Basi shida ni anayeandika mkataba, ambaye ni serikali hiyohiyo mnayoitetea. Serikali isiyoweza kusimamia watumishi wake itawezaje kusimamia kampuni yenye mawakili? Hilo nijibuni.

---

Mama wa Kaunti

Hamjambo nyote. Mimi niko Kenya na nimesoma hii maneno yenu nikaona lazima niandike, kwa sababu kwetu imeenda mbali zaidi, si ushuru wa soko tena, ni hospitali.

Mnajua NHIF, mfuko wetu wa bima ya afya, ilivunjwa, tukaletewa mamlaka mpya ya SHA, ikaanza Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 atake asitake, hiyo ni sheria. Sasa mfumo wa kompyuta unaoendesha kila kitu, kusajili mgonjwa, kuangalia kama amelipa, kupitisha madai ya hospitali, ulipewa muungano wa kampuni ukiongozwa na Safaricom, shilingi bilioni 104.8. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu ikafika bungeni, ikasema wazi kabisa: mfumo si mali ya serikali, haukuwa kwenye bajeti, haukupitia ushindani wa kawaida, na mkataba unaizuia serikali kutengeneza mfumo mwingine wa kushindana nao. Hiyo mara ya kwanza nilipoisoma nilirudia kusoma, nikadhani nimeelewa vibaya. Nchi nzima, data ya magonjwa ya watu wote, na serikali imefungwa mikono isijitengenezee mfumo wake.

Na wanalipwa vipi? Asilimia 2.5 ya michango ya wanachama na asilimia 5 ya madai ya hospitali. Mzee Karani ameeleza vizuri kwamba ukitaka kuelewa angalia hela inatembeaje. Hapa hela ya mgonjwa ikiingia kuna mtu anakata, ikitoka kwenda hospitali kuna mtu anakata. Mgonjwa akifika mapokezi wakamwambia mfumo uko chini, nesi hana la kufanya, daktari hana la kufanya, msimamizi wa hospitali ya kaunti hana la kufanya, gavana naye anasema hayo ni ya serikali kuu. Nimeketi na mgonjwa wangu kwenye benchi siku nzima tukingoja mfumo urudi, na hakuna mtu hata mmoja kwenye jengo lile aliyekuwa na uwezo wa kutusaidia, na wote walikuwa watu wazuri.

Fundi, wewe umeuliza serikali dhaifu itasimamiaje kampuni. Haiwezi, na ikishatoa kazi inazidi kudhoofika, kwa sababu wale vijana wa IT waliokuwa NHIF wakienda hakuna anayebaki anayejua mfumo unafanya kazi vipi. Baada ya miaka 10 serikali ikitaka kurudisha kazi yake itakuwa haina mtu wa kuirudisha.

Lakini pia msikate tamaa. Adani, kampuni ya India, walikuja kutaka uwanja wa ndege wa JKIA wa Nairobi kwa miaka 30, hatukuambiwa chochote, karatasi zikavujishwa mtandaoni na kijana mmoja Julai 2024, Septemba mahakama ikaweka zuio, wafanyakazi wakagoma, ndege zikasimama, na Novemba 21 rais akasimama bungeni akaufuta. Ni kweli siku moja kabla Marekani ilikuwa imemshtaki mwenye kampuni kwa mambo ya hongo India, hilo lilisukuma. Lakini bila ile karatasi kuvuja hakuna mtu angejua kuna kitu cha kufuta.

---

Mwanasoko

Dada wa Kenya umenigusa sana hapo kwenye benchi. Ndio kitu hichohicho nilikuwa nashindwa kukieleza, kwamba kila unayekutana naye anakwambia sio mimi. Asanteni wote naendelea kusoma.

---

Mwenyeji wa Pangani

Assalamu alaykum. Wanangu mnazungumza kama hili limeanza juzi. Nawakumbusha tu kwamba pwani hii tulishawahi kutawaliwa na kampuni, si mfano, kampuni kweli yenye wanahisa na makao Berlin.

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia saini na Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, ile ya akina Carl Peters, wapewe kuendesha mwambao na kukusanya ushuru wa forodha kwa niaba yake, miaka 50. Sultani kabla ya hapo forodha alikuwa anawakodisha matajiri wa Kihindi, wanamlipa kiasi kilichopatanwa na wao wanakusanya, kwahiyo huenda aliona ni biashara ileile amebadilisha mtu tu. Lakini safari hii mkataba ulitoa forodha pamoja na utawala, mahakama, ardhi, kodi. Agosti wakaja Pangani wakapandisha bendera ya kampuni kando ya ile ya Sultani, wakamtaka liwali, yaani mtawala aliyewekwa na Sultani, awatii wao. Yule mwakilishi wao, Zelewski, watu wa huku walimwita Nyundo, akaingiza askari msikitini na mbwa wakimtafuta liwali. Ikatangazwa kila mwenye shamba au nyumba alete uthibitisho, asiyeweza mali yake inaingia hatarini.

Watu walikwenda kulalamika wapi? Kwa Sultani, akasema nimetia saini. Kwa kampuni, ikasema tunafanya kwa jina la Sultani. Mwanasoko mwanangu, soma tena ulichokiandika mwanzo juu ya wakala na halmashauri. Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani hawakuwa watu wa kupenda fujo, walikuwa na mali na biashara zao, lakini palipokosekana mtu wa kujibu watu wakashika silaha pwani nzima. Kampuni haikuweza kujilinda hata kidogo, ikakimbilia serikali ya Ujerumani, akaletwa Wissmann na jeshi kwa fedha za walipa kodi wao. Abushiri akanyongwa hapa Pangani Desemba 1889, na Januari 1, 1891 serikali ya Ujerumani ikachukua nchi rasmi.

Upande wa Mombasa ilikuwa kampuni ya Waingereza ya Mackinnon, ilipewa hati ya kifalme 1888 na mwaka 1895 ikawa imefilisika. Ikalipwa pauni 250,000 iondoke, na kati ya hizo 200,000 zilitoka kwenye fedha za Sultani mwenyewe, zile alizolipwa na Wajerumani kwa kuuza pwani ya huku. Yaani amechukuliwa nchi, kisha hela ya nchi ile ikatumika kumfidia aliyeshindwa kuendesha nchi nyingine yake. Faida ilipokuwa inatafutwa ilikuwa ya wanahisa, hasara ilipokuja ikawa ya mwenye mji. Haya yameandikwa, yapo, na nasikitika kwamba watoto wetu shuleni wanafundishwa tarehe ya vita vya Abushiri bila kuambiwa kwamba chanzo chake ni mkataba wa kukusanya ushuru.

---

Fundi Chapa Kazi

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma na nimekaa kimya kwanza. Bado nasema kuna kazi kampuni inaiweza vizuri, kuchimba kisima, kujenga barabara, kufunga hiyo mifumo. Ila kushika fedha ya mtu kwa jina la serikali na kubeba mizani ya mtu, hapo nakubali ni kitu kingine.

---

Bomba la Ruvu

Ndio mstari wenyewe huo Fundi. Kujenga ni sawa, kutawala hapana. Na hata kwenye yale ya bandari 2023, makubaliano ya DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, yalikuwa yamesainiwa tangu Oktoba 2022, sisi tukaja kuyasoma kwenye simu siku chache kabla ya Bunge kuyapitisha Juni 10. Mjadala ulikuwa mkali, maaskofu wakatoa tamko, watu wakaenda mahakamani Mbeya wakashindwa, na Oktoba mikataba ya miaka 30 ikasainiwa Dodoma. Uwe ulikuwa upande wa kuunga mkono au wa kupinga, ule mjadala ulistahili kufanyika kabla ya saini.

---

Mwanasoko

Wakuu nimejifunza mengi sana, mengine nimewasomea wenzangu hapa sokoni kwa sauti, walikaa kimya hasa kwenye ya Pangani. Sasa Mzee Karani shikamoo, naomba unisaidie kwa vitendo. Sisi hatuna wakili, hatuna mtu wa kuvujisha karatasi. Tuanzie wapi?

---

Karani Mstaafu

Marahaba binti yangu. Fanyeni hivi, na fanyeni kwa maandishi, mdomo hauna kumbukumbu.

Kwanza ombeni sheria ndogo ya ushuru ya halmashauri yenu, hiyo si siri ya mtu yeyote, ni sheria na inatakiwa iwe imetangazwa. Angalieni kiwango halali cha meza au cha tenga, na angalieni kama kuna mahali popote inaruhusu kuchukua mali ya mtu na kwa utaratibu gani. Kama haipo, mizani ya mwenzenu imechukuliwa tu, na hilo mnapeleka polisi kama jambo lingine lolote la mali kuchukuliwa. Angalieni risiti pia, hela ya serikali inalipwa kwa risiti inayotambulika, risiti ya kuandika kwa mkono kwenye daftari la wakala msiikubali. Na msidanganywe kuchanganyiwa ushuru wa soko na ushuru wa mazao, ule wa mazao ulipunguzwa 2017 ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiofika tani moja ukiutoa halmashauri moja kwenda nyingine ulisamehewa. Nimeona watu wenye magunia mawili matatu wanatozwa getini mpaka leo.

Pili, mkataba. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andikeni barua kwa mkurugenzi, mkiitaja, anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Na sheria ile haiishii kwenye ofisi za serikali, inagusa hata taasisi binafsi inayotumia fedha za umma au yenye taarifa ya maslahi makubwa kwa umma, kwahiyo nakala mpelekeeni na wakala. Watajificha nyuma ya kifungu cha maslahi ya kibiashara, kipo kweli. Kwahiyo msiombe vitu vyote kwa mkupuo. Ombeni vitatu: wakala anatakiwa kuwasilisha kiasi gani kwa mwezi, ameshawasilisha ngapi, na mkataba unaisha lini. Hakuna siri ya biashara kwenye fedha ambayo halmashauri yenyewe lazima iitolee hesabu.

Tatu, baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na kikao kiko wazi kwa wananchi. Nendeni wengi, kaeni, msipige kelele. Kabla ya hapo mfateni diwani wenu mumpe hayo maswali ayaulize yeye yaingie kwenye muhtasari, kwa sababu mkaguzi wa CAG akija mihtasari ile anaisoma. Mimi nimeshuhudia hoja moja ya diwani iliyoandikwa vizuri ikamtoa wakala, na nimeshuhudia kelele nyingi za sokoni zikaisha jioni ileile.

Fundi aliuliza serikali dhaifu itasimamiaje kampuni. Kwa ngazi yetu ile ya chini jibu langu ni kwamba halmashauri ihesabu soko lake yenyewe, iweke watumishi wake wakae sokoni mwezi mzima waandike, ndipo itangaze tenda, au ione kwamba haihitaji wakala kabisa. Nimewahi kulipendekeza hilo nikiwa kazini likakataliwa, na bado naliamini.

---

Mwanasoko

Asante sana mzee wangu. Kamati ya soko tunakutana Jumapili jioni tukishafunga. Barua naiandika mimi, maswali ni hayo matatu na la nne naongeza la mizani ya jirani yangu, iko wapi na nani aliagiza ichukuliwe. Kila mwenye meza atasaini na nakala inaenda kwa diwani. Jibu likija, au siku 30 zikiisha bila jibu, nitaleta hapa.

---

Mama wa Kaunti

Dada, wakikupokelea barua hakikisha wamegonga muhuri na tarehe kwenye nakala yako ubaki nayo. Huku kwetu barua nyingi huwa "hazijafika".